Sahihi za Wanyonge: Habari za Waliotutangulia na Mafunzo Yake Kwetu

Ndugu Wanachama,

Katika kila darasa la ushirika jina la mji wa Rochdale halikosi kutajwa. Sote tumefundishwa kwamba tarehe 21 Desemba, 1844, katika mji huo wa kaskazini ya Uingereza, mafundi na wafumaji wanaohesabiwa kuwa 28 walifungua duka lao dogo katika njia iitwayo Toad Lane. Mtaji wao ulikuwa paundi 28, ambazo walikuwa wamezidunduliza kwa kutoa peni mbili tatu kila juma. Bidhaa zao za kwanza zilikuwa unga, siagi, sukari na mishumaa. Kutoka katika duka hilo ndipo vyama vya ushirika vya dunia nzima vinapohesabu ukoo wao, na chama chetu kimo.

Lakini mara chache husimuliwa watu hao walikuwa wakifanya kazi gani kabla ya kufungua duka. Duka halikuzuka kama uyoga. Baadhi ya waasisi wale walikuwa wamekwisha kuingia katika harakati nyingine, yaani harakati ya kukusanya sahihi za watu ili kuliomba Bunge lao haki ya kupiga kura. Ombi lao lilikataliwa. Nao walipokuja kuunda chama, haki ile ile waliyonyimwa Bungeni waliitia katika kanuni za duka lao.

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, tumeona yafaa kuieleza habari hiyo. Maana katika miaka hii kumi, baada ya mazao yenu, kitu ambacho ofisi yetu imewaomba mara nyingi kuliko vyote ni sahihi zenu. Ni vema basi mwanachama ajue sahihi ni kitu gani, na ni kwa sababu gani haifai kuchezewa.

MKATABA WA WATU

Mwaka 1832 Bunge la Uingereza lilibadili sheria ya uchaguzi. Watu wa hali ya kati, wenye nyumba na maduka, walipata kura. Lakini mfanyakazi wa kiwandani, mchimba makaa na kibarua wa shamba waliachwa nje, ingawa wengi wao walikuwa wamepiga kelele pamoja na hao wengine. Miaka miwili baadaye ikatungwa sheria ngumu juu ya maskini, iliyomlazimisha asiye na kazi kuingia katika nyumba ya maskini, na humo mume akatengwa na mkewe. Wanyonge wakaona kwamba sheria zitaendelea kutungwa juu ya vichwa vyao maadamu hawana mtu wa kuwasemea.

Mwezi wa Mei, 1838, chama cha wafanyakazi wa London kilichapisha hati iliyoitwa Mkataba wa Watu. Aliyeiandika zaidi ni William Lovett, fundi seremala. Hati hiyo ilikuwa na madai sita: kwamba kila mwanamume mzima awe na kura, kwamba kura ipigwe kwa siri, kwamba mtu asilazimishwe kuwa na mali ndipo awe mbunge, kwamba wabunge walipwe mshahara, ili hata maskini aweze kuifanya kazi hiyo, kwamba majimbo ya uchaguzi yalingane, na kwamba Bunge lichaguliwe kila mwaka.

Watu hawa hawakuwa na kura, wala fedha, wala jamaa katika Bunge. Silaha waliyokuwa nayo ni ile ambayo sheria ya nchi yao ilimruhusu hata mnyonge kuitumia, nayo ni kuandika ombi na kulitia sahihi.

WALIOTEMBEA NA KARATASI

Ombi la Mkataba halikutiwa sahihi mahali pamoja. Karatasi zilipelekwa mijini na vijijini, na katika kila mahali wakatokea watu wa kujitolea kuzitembeza. Hawa walikuwa ni wafanyakazi waliokwisha maliza kazi ya mchana. Walipita nyumba kwa nyumba, wakasimama masokoni na katika mikutano, wakaingia katika karakana. Asiyejua kusoma alisomewa. Asiyejua kuandika alitia alama yake. Wanawake nao walitia sahihi kwa wingi, ingawa Mkataba wenyewe haukuwadaia kura. Karatasi zilizojaa zilirudishwa, zikaunganishwa moja baada ya nyingine mpaka zikawa msokoto mmoja mkubwa.

Tusidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa rahisi. Mwenye kutia sahihi aliweza kufukuzwa kazi ikiwa tajiri wake aliliona jina lake. Kwa hiyo mbeba karatasi alipaswa kuwa mtu anayeaminiwa katika mtaa wake.

Ombi la kwanza lilifikishwa Bungeni mwezi wa Juni, 1839, likiwa na sahihi zaidi ya 1,280,000, na urefu wake ulikuwa kama maili 3. Wabunge 46 walikubali lisikilizwe, 235 walikataa.

Walichofanya baada ya hapo kinatuhusu sana sisi wana ushirika. Katika mwezi wa Julai, 1840, walikutana katika mji wa Manchester wakaunda chama kimoja cha nchi nzima, chenye matawi, kadi za wanachama na ada. Kisha wakarudi tena milangoni. Tarehe 2 Mei, 1842, walipeleka ombi la pili. Safari hii sahihi zilikuwa 3,317,752, yaani zaidi ya mara mbili ya watu wote waliokuwa na haki ya kupiga kura katika nchi ile. Msokoto ulikuwa na urefu wa zaidi ya maili 6. Ulibebwa na watu kwa maandamano makubwa, na ulipofika Bungeni haukuweza kupita mlangoni, ikabidi ufunguliwe na kuingizwa vipande vipande. Siku ya pili yake wabunge wakapiga kura: 49 walikubali waombaji wasikilizwe, 287 wakakataa. Mbunge mmoja mashuhuri, Macaulay, alisema waziwazi kwamba kumpa kila mtu kura ni kuhatarisha mali ya wenye mali.

KUTOKA KATIKA KARATASI MPAKA DUKANI

Miaka miwili na nusu baada ya kukataliwa huko, duka la Toad Lane likafunguliwa. Miongoni mwa waasisi wake walikuwamo watu wa Mkataba, na walikuwamo pia wafuasi wa Robert Owen, aliyekuwa akihubiri ushirika. Wafumaji wa mji ule walikuwa wamejaribu kudai nyongeza ya mshahara, wakashindwa.

Basi tazameni kanuni za duka lao. Mwanachama mmoja alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Hesabu zilisomwa mbele ya wanachama wote. Wanawake nao hawakufungiwa mlango wa uanachama. Kanuni hii ya mtu mmoja kura moja, ambayo leo twaitaja katika mikutano yetu mikuu kama jambo la kawaida, ilikuwa ni jambo geni katika nchi ile, maana Bunge lilikuwa limekwisha kuikataa mara mbili. Watu wa Rochdale hawakungoja Bunge libadili nia yake ndipo waanze kuishi kwa haki.

Wala hatusemi kwamba duka lilizaliwa na ombi peke yake. Twasema hivi tu: watu waliokwisha jifunza kugonga mlango wa jirani, kumweleza jambo kwa upole, kuandika jina lake sawasawa na kutunza fedha zake ndogo bila kuzila, hao walikuwa wamekwisha hitimu nusu ya elimu ya ushirika.

AIBU YA MWAKA 1848

Sasa inatupasa kueleza upande wa pili, ambao ni mchungu.

Tarehe 10 Aprili, 1848, ombi la tatu lilipelekwa. Kiongozi wa wakati huo, Feargus O'Connor, aliyekuwa mbunge mwenyewe, alitangaza kwamba lina sahihi zaidi ya milioni 5. Serikali ilikuwa na hofu, kwa sababu mwaka ule mfalme wa Ufaransa alikuwa amekwisha pinduliwa. Maelfu ya askari wa muda waliandikishwa London, na waandamanaji wakakatazwa kuvuka madaraja ya mto Thames. Ombi likapelekwa Bungeni ndani ya magari ya farasi.

Kisha Bunge likaweka makarani kuhesabu. Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba sahihi hazikufika milioni 2, zilikuwa 1,975,496. Tena ikasemwa kwamba karatasi nyingi ziliandikwa kwa mkono mmoja, na kwamba yalionekana majina ya mzaha: jina la Malkia Victoria, jina la Duke wa Wellington ambaye ndiye aliyekuwa akiulinda mji dhidi yao, na majina ya upuuzi kama vile Pua Bapa. Bunge likaangua kicheko. Magazeti yakacheka nchi nzima. Ombi ambalo lilitisha asubuhi ya Jumatatu likawa kichekesho kabla ya juma kwisha.

Haki inatutaka tuseme neno kwa ajili yao. Yasemekana makarani walikuwa 13, na kazi yao ilikuwa ya saa 17. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba kila karani angelazimika kuhesabu sahihi karibu 150 kwa kila dakika, jambo ambalo latia shaka. Kadhalika, si kila karatasi iliyoandikwa kwa mkono mmoja ilikuwa ya uongo, maana wasiojua kuandika walimwomba mwenzao awaandikie. Na wengine waliandika majina ya bandia kwa kuogopa kufukuzwa kazini. Lakini nani alingoja maelezo hayo? Hata hesabu ya makarani ilibakiza sahihi karibu milioni 2, ambazo ni nyingi kupita kiasi. Zote zilizama pamoja na zile chache za uongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nasi twaongeza kwamba mwongo hupita njia hiyo akiwavuta na wakweli waliofuatana naye.

Hata hivyo madai yenyewe hayakufa. Sharti la mali kwa wabunge liliondolewa mwaka 1858. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872. Majimbo yalisawazishwa zaidi mwaka 1885. Mshahara wa wabunge ulianza mwaka 1911. Kura kwa wanaume wote ilipatikana mwaka 1918, na wanawake wakalinganishwa nao mwaka 1928. Kati ya madai sita, ni moja tu, lile la Bunge la kila mwaka, ambalo halikutimizwa kamwe.

OMBI LA WAMERU

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Katika nchi yetu wakulima wa kahawa walifanya jambo la namna hiyo hiyo.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ikifuata mashauri ya tume ya Jaji Mark Wilson, iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, kando ya Mlima Meru, ili nchi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, wenyeji wake walikuwa na haki ya kupeleka maombi kwa Umoja wa Mataifa. Wameru walichangishana fedha, mkulima kwa mkulima, wakamtuma Bwana Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi.

Kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mambo ya udhamini iliwaunga mkono. Lakini lilipofika katika Baraza Kuu, azimio halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa, likaanguka. Kwa hesabu ya siku ile, Wameru walishindwa. Lakini habari za mkulima aliyesimama mbele ya mataifa na kuishitaki serikali ya kikoloni zilienea Tanganyika. Tarehe 7 Julai, 1954, TANU ikaundwa, na mwezi wa Machi, 1955, Mwalimu Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza la Udhamini huko huko New York. Njia ilikuwa imekwisha fyekwa na wakulima.

KARATASI YETU WENYEWE

Tunapowataja wakubwa hao si vizuri tujifiche sisi wenyewe. Wazee wengi wa vyama vyetu wanakumbuka kwamba katika mwaka wa pili wa Chama Kikuu hiki tuliomba serikali itujengee daraja, kwa kuwa kila masika vyama vya ng'ambo vilishindwa kuleta mazao ghalani. Vijana na akina mama walijitolea kutembeza karatasi za sahihi vilimani.

Karatasi moja ilirudi upesi kuliko zote, imejaa mpaka chini. Tulipoiangalia tukaona majina yote yameandikwa kwa mwandiko mmoja, na miongoni mwao lilikuwamo jina la mzee ambaye tulikuwa tumekwisha mzika. Kijana aliyeileta hakuwa mwizi. Aliposimama mbele ya Kamati alisema, "Shikamooni wazee wangu. Watu wote wa kilima kile nawajua, na hakuna asiyelitaka daraja. Kwa nini nipande na kushuka kuuliza jambo ninalolijua?"

Ndani ya Kamati tuligawanyika. Wako waliosema ombi lipelekwe vile vile, kwani hakuna ofisi itakayochungulia karatasi moja katika rundo zima. Nasi tulioshika kalamu, twakiri, tulikuwa karibu kukubali, kwa maana tulikuwa tumechoka na masika yalikuwa yakikaribia. Mwenyekiti akamwambia yule kijana, "Mwanangu, umewapenda watu wako, lakini umewasemea bila kuwauliza." Karatasi ikachanwa. Kijana akarudi kilimani, na safari hii wajumbe wawili wa Kamati wakafuatana naye.

Huko wakakuta jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Nyumba kadhaa za bondeni zilikataa kutia sahihi. Hawakuwa wakilikataa daraja. Waliogopa kwamba mahali tulipopaombea barabara ingepita juu ya makaburi ya wazazi wao. Majina yao yote yalikuwamo katika ile karatasi tuliyoichana. Laiti tungeipeleka, tungalikuwa tumewatia sahihi ya kukubali jambo walilolilia usiku. Basi tukakaa nao, tukalibadili ombi, tukaomba daraja lijengwe juu zaidi, penye kivuko cha zamani. Na wale waliokataa ndio wakawa wa kwanza kutia dole gumba.

Baadaye alikuja afisa akiwa na karatasi zetu, akachagua majina hapa na pale, akayaita barazani. Kila aliyeitwa alisimama. Hatudai kwamba daraja lilijengwa kwa sahihi peke yake, wala halikujengwa upesi. Lakini twajua kwamba siku ile hakuna aliyetucheka.

MAFUNZO KWETU

Tangu wakati huo Kamati ilifanya desturi ambayo twaomba isiachwe. Mbeba karatasi na asome ombi lote mbele ya mtu kabla ya kumpa kalamu. Asiyejua kuandika na atie dole gumba mwenyewe, na shahidi aandike jina lake kando. Asiyekuwapo na aachwe, arudiwe siku nyingine. Na anayekataa asilazimishwe wala kuchukiwa, bali sababu yake iandikwe na kuletwa kwenye Kamati, maana huenda yeye ndiye aliyeona shimo ambalo sisi wengine tunalielekea.

Desturi hii si ya maombi ya serikalini tu. Ndiyo inayolinda daftari la mizani, hati ya mkopo na muhtasari wa mkutano mkuu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye sahihi za uongo ni baya kuliko kukosa daftari, kwa sababu hilo hupoteza mali na kutoa habari ya uongo juu yake.

Ndugu wanachama, huenda katika miaka kumi ijayo tutaomba mambo mengine, na huenda tukakataliwa. Tusivunjike moyo. Watu wa Mkataba walikataliwa mara tatu, na Wameru walianguka kwa kukosa theluthi mbili, lakini wale waliokwisha tembea mlango kwa mlango walikuwa wamekwisha juana, na kutoka katika kujuana huko yakatoka mambo ambayo wakataaji hawakuyaweza kuyazuia. Yule kijana wa karatasi iliyochanwa leo ni karani wa mizani wa chama chake, na wanachama wake husema kwamba haandiki ratili moja ambayo hajaiona kwa macho yake.

Twawatakia wanachama wote heri ya mwaka wa kumi, mvua njema na mavuno mema.

Wenu katika ushirika,
KATIBU